Mbwa aliyepoteza uwezo wa kuona

Dada yangu, umeeleza kwamba mbwa wako wa miaka tisa, hapo Sikonge mkoani Tabora, macho yameingia ukungu, anajigonga kwenye ndoo, na jirani anakushauri umuue. Usiharakie hilo. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu ukungu huo unaweza kuwa mtoto wa jicho unaotokana na uzee au kisukari, lakini katika misitu yetu ya miombo yenye mbung'o unaweza pia kuwa dalili ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na nzi hao na unaomletea mbwa homa, kukonda na macho meupe, nao una dawa ukiwahiwa.

Ikithibitika kwamba haoni tena, kumbuka kuwa mbwa huishi zaidi kwa pua na masikio. Kabla ya yote, kisima kifunikwe. Bakuli la maji na mahali pake pa kulala visihamishwe, na jembe lisiachwe njiani. Tandika gunia mbele ya kizingiti: wa kwangu alikuwa akilikanyaga husimama, hunusa, kisha huinua mguu mmoja taratibu kama anayepima kina cha mto, ndipo apande. Mwite jina kabla ya kumgusa, na watoto wafundishwe hivyo hivyo, maana hata mbwa mpole akishtuliwa usingizini huuma (kovu la kidoleni ninalo). Nje ya uzio mtembeze kwa kamba fupi, ukizungumza naye. Siku za mwanzo atazubaa na pengine kususa chakula, mvumilie.