Muulize Fundi: Pikapu ya jeshi inanguruma barabara kuu, nibadili difu au giaboksi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani walionunua magari ya jeshi yaliyostaafu, tunaanza na huyu wa Columbus, Ohio.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Chevrolet M1008 ya 1985, zile pikapu za kijani zenye dizeli ya 6.2. Gari ni zima, haina kutu, ila nikiingia hai-wei nikafika maili 65 kwa saa injini inalia mpaka mimi na mke wangu hatusikilizani humo ndani, malori yananipita tu. Gereji ya hapa wameniambia nitoe gia za difu za 4.56 niweke 3.73. Jamaa mwingine anasema niache difu nibadili giaboksi. Hela ninayo ya kufanya kimoja tu, nifanye kipi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Gari yako haina ugonjwa wowote, jeshi lilivyoitaka ndo hivyo hivyo, ibebe mzigo na ipande matope, mambo ya kukimbiza hai-wei hayakuwemo. GM waliziunda kuanzia 1984 mpaka 1987, injini ina farasi kama 135 hivi, giaboksi ni TH400 otomatiki ya gia tatu, na gia ya tatu ni moja kwa moja yani propela inazunguka sawa na injini, hakuna ovadraivu, ile gia ya kupunguza mizunguko ya injini. Ukichanganya na difu ya 4.56, yani propela inazunguka mara 4.56 gurudumu likizunguka mara moja, lazima ilie.

Kabla hujatoa hata senti piga hesabu. Chukua spidi kwa maili, zidisha kwa namba ya difu, zidisha kwa 336, halafu gawa kwa kimo cha tairi kwa inchi. Tairi zake za asili 235/85R16 zina kimo cha inchi 31.7 hivi, kwa hiyo kwenye maili 65 unapata mizunguko kama 3,140 kwa dakika, na kiukweli inazidi kidogo maana konvata ya TH400, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa mafuta, haina loki, inateleza muda wote. Nguvu ya juu ya hiyo injini inapatikana kwenye 3,600 kwa hiyo uko karibu na kikomo chake. Shuka maili 55 inakuwa 2,660, hapo injini haina shida kabisa. Kama safari zako ni za mjini na shambani mimi ningeiacha ilivyo ninunue tairi nzuri na zulia nene la sakafuni, basi.

Sasa hiyo habari ya 3.73. Kwa hesabu inavutia, maili 65 inashuka mpaka 2,570. Tatizo lipo ndani ya difu lenyewe. Nyuma una ekseli ya GM ya bolti 14 (bolti za mfuniko wa difu) na mbele una Dana 60, na zote mbili kile kikombe kinachobeba krauni, ile gia kubwa ya difu, kipo cha aina mbili, kimoja cha 4.10 kushuka chini na kingine cha 4.56 kwenda juu. Maana yake krauni na pinioni ya 3.73 haikai vizuri kwenye kikombe ulichonacho, utanunua vikombe viwili vipya, mbele na nyuma, pamoja na beringi na shimu zake. Na nyuma humo jeshi liliweka Detroit Locker, kufuli la difu ambalo watu wanalitafuta kwa hela nzuri, nalo ni la 4.56, ukibadili gia unaagana nalo. Usikubali pia mtu akwambie tubadili nyuma tu mbele tutamalizia mwakani. Siku utakayoweka foo baifoo kwenye lami kavu gurudumu za mbele na za nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike, na mara nyingi ni transfa, kile kiboksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma.

Ndo maana mimi niko upande wa huyo jamaa yako wa giaboksi. Giaboksi ya GM inayoitwa 4L80E ilitoka 1991 na ni mtoto wa hiyo hiyo TH400, gia tatu za kwanza namba zake ni zile zile, imeongezewa ya nne ya 0.75 na loki kwenye konvata. Kwa difu yako ya 4.56 maili 65 inakuwa kama 2,355, yani chini kuliko hata ile 3.73 uliyoambiwa, na nguvu ya kuondokea na mzigo huipotezi. Tafuta iliyotoka kwenye pikapu ya dizeli ya 6.2 ya 1991 mpaka 1993 au ya 6.5, hiyo inakaa kwenye injini yako bila adapta. Lakini sio kazi ya kutoa na kupachika jioni moja, giaboksi hii ni ndefu kwa kama inchi mbili, transfa inarudi nyuma, kwa hiyo propela ya nyuma inakatwa na ya mbele inarefushwa, na ile krosi memba inayobeba giaboksi inasogezwa. Halafu inaendeshwa kwa umeme, inataka kontrola yake, yani kompyuta ya giaboksi, sensa ya eksileta kwenye pampu ya dizeli na sensa ya spidi. Na hapa wengi wanaunguza vitu: gari yako ina volti 24 za kuwashia injini na volti 12 za vitu vingine, kontrola ichukue umeme kwenye 12, hakikisha kwa mita kabla hujaunga waya, usiamini rangi ya waya kwenye gari lililopita mikono ya mafundi wa jeshi miaka yote hiyo.

Kama unapenda manyuo kuna NV4500 ya gia tano, ya tano ni 0.73, chuma kitupu, haina kompyuta ila utaweka pedali ya klachi, flaiwili na mfumo wake wa haidroliki. Usiuziwe SM465 ukidhani imekusaidia, ile ina gia nne na ya nne ni moja kwa moja kama hiyo uliyonayo.

Watu wengine wanakwepa yote haya wanavaa tairi za inchi 37. Mizunguko inashuka kweli mpaka kama 2,690, ila breki ni zile zile, stelingi inakuwa nzito, gari inabidi inyanyuliwe na spidomita inakudanganya, polisi akikusimamisha utaeleza mwenyewe.

SWALI: Fundi mimi nina M1009, ile Blazer ya jeshi, niko Dallas. Nataka tairi za inchi 35. Nibadili difu au nichukue ekseli za M1008?

JIBU: Yako ni kinyume cha mwenzako, difu zako ni 3.08. Ukivaa 35 hiyo maili 65 inaangukia 1,920 hivi na dizeli isiyo na tabo itakuwa inakufa kwenye kila mlima. Afadhali yako ni kwamba ekseli zako za bolti 10 kikombe cha 3.08 kinapokea 3.73 bila kubadilishwa, hivyo gharama ni gia na fundi. Ila ile Gov-Lock, kufuli la difu la nyuma, ina sifa ya kupasuka, kwa vile difu itakuwa imefunguliwa itoe kabisa. Ekseli za M1008 ni imara zaidi sibishi, lakini zina nati nane na wewe una rimu za nati sita, kwa hiyo ni rimu mpya tano na spea humo. Kwa gari ya kutembelea mimi ningebaki na 3.73.

Fundi akishafunga gia mpya mwambie akuonyeshe alama za rangi kwenye meno ya krauni, asipokuwa na saa ya kupimia nafasi ya meno ondoa gari lako. Maili 500 za kwanza nenda taratibu bila trela, kisha mwaga mafuta ya difu weka mapya.

SWALI: Mimi niko Arusha, nina Land Rover 109 pikapu ya zamani ya jeshi, petroli. Nasikia difu za Discovery zinaingia, ni kweli?

JIBU: Kweli, ila sio kwa kila gari. Difu zako ni 4.7, za Discovery na Range Rover za zamani ni 3.54, chagua za spilaini 10, yani meno ya kuingizia shafti, maana za baadaye zina 24 na haavu shafti zako hazitaingia. Lakini lala chini uangalie nyuma kwanza. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya Salisbury, utaijua kwa mfuniko wa bolti mgongoni, na hiyo difu ya Rover haiingii. Na hiyo injini ya 2.25 ya petroli ukiipa 3.54 mlima na mzigo itakuomba msamaha. Ukipata ovadraivu ya Fairey isiyo na mlio chukua hiyo, inakaa nyuma ya transfa, inapunguza kelele kwenye tambarare na ukifika mlimani unaitoa.