Kabla Hujajaza Risasi za Mauser ya Zamani

Wewe unayeanza kazi hii ya ufundi bunduki Nairobi, jua kwamba bunduki nyingi za zamani utakazowekewa mezani ni za urithi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo mteja anakuja na silaha ya marehemu baba au babu, ina cheti chake, na anachotaka ni kuipeleka uwanja wa shabaha mara mojamoja. Risasi zake ni adimu dukani. Ataomba maganda aliyo nayo yajazwe upya. Usimjibu lolote mpaka umepima mtutu.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya risasi ya Mauser iitwayo 8x57. Jina ni moja, risasi ni mbili. Ya kwanza ilitoka na bunduki ya jeshi la Ujerumani ya 1888, na kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, kina kipenyo cha milimita 8.09 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakahamia kichwa kilichochongoka mbele, na kipenyo kikapanda hadi 8.22. Ya zamani huandikwa I au J, mpya huandikwa IS au JS. Ganda karibu ni lilelile, ndiyo maana bunduki ya zamani inaweza kuimeza risasi mpya na bolti, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, ikafunga vizuri kabisa. Kichwa kinene kikilazimishwa kupita mtutu mwembamba, presha inapanda kupita kiasi, na nyuma ya bolti kuna uso wa mtu. Mzee akikuhakikishia kwamba "hii ni nane ya kawaida", mwitikie kwa heshima, halafu upime.

Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, safisha mtutu na uupake mafuta kidogo. Chukua chubwi laini ya risasi ya mvuvi, ile ya kuzamisha ndoano, iliyo nene kidogo kuliko tundu, uisukume polepole kwa fimbo ya shaba hadi itokee upande wa pili. Itatoka na mistari: mabonde na matuta. Pima kwa maikromita kutoka tuta hadi tuta linalolikabili, kwani matuta hayo ndiyo yaliyojaza mifereji ya mtutu. Ipitishe nyingine, upime tena. Vania ya bei rahisi isikudanganye hapa. Tofauti unayoitafuta ni milimita 0.13 tu.

Kwa 7x57 mambo yamegeuka: majina mawili, risasi moja. Waingereza wa Rigby, watengeneza bunduki, waliiita .275, na bunduki yenye chapa hiyo hula 7x57 ileile ya Mauser. Hii ndiyo risasi aliyosifika nayo Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda. Vijana humtaja kama ushahidi kwamba risasi ndogo inatosha kwa lolote. Bell alijua mahali ubongo wa ndovu ulipo, na alitumia vichwa vizito visivyotanuka. Sifa ni ya mlengaji kwanza.

Ukiniuliza uanze kujifunza na ipi, nitakwambia 9.3x62 bila kusita. Fundi Otto Bock wa Berlin aliitoa mwaka 1905, akaipima iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida bila kuhitaji bunduki ndefu maalumu. Mkulima wa makoloni ya Wajerumani, Tanganyika ikiwemo, akapata silaha ya kumkabili nyati kwa bei ndogo sana kuliko ile ya Kiingereza ya mitutu miwili. Kichwa chake cha asili ni cha gramu 18.5, hakikimbii sana, na ganda halikupangiwa presha kubwa mno. Ni risasi yenye subira kwa mwanafunzi, nami naipenda kwa hilo.

Sasa maganda yenyewe. Mulika tochi ndani. Ukiona tundu moja katikati, fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ni ya Boxer, na kifaa cha kawaida kitaing'oa. Ukiona matundu mawili madogo, ni ya Berdan. Ukilazimisha, utavunja sindano ya kifaa. Maganda ya kale ya Berdan mimi namshauri mteja ayaache yawe kumbukumbu, anunue mapya. Baadhi ya fataki za zamani zilikuwa na zebaki, nayo hulidhoofisha ganda kwa namna ambayo jicho halioni.

Hata ganda la Boxer lililokwisha kutumika lichunguze. Kunja ncha ya waya mwembamba, uuingize mpaka kitakoni, kisha uuvute juu ukikwaruza ukuta wa ndani. Waya ukikwama kwenye mfereji, milimita chache juu ya kitako, ganda hilo linakaribia kukatika vipande viwili. Nje unaweza kuona pete inayong'aa mahali palepale. Lipondeponde kwa koleo papo hapo, lisije likarudi kwenye sanduku.

Chini ya mtutu wa bunduki za Kijerumani za kabla ya vita vya pili utakuta imegongwa idadi ya gramu, kisha herufi GBP na St.m.G. Hiyo ilikuwa alama ya ukaguzi, ikitaja baruti ya vipande bapa ya enzi hizo na kichwa chenye koti la chuma. Wanafunzi huifurahia wakidhani wamepata kipimo cha baruti ya kujazia. Baruti hiyo siyo iliyo kwenye kopo lako. Fuata kitabu cha sasa cha aliyetengeneza baruti unayotumia, anzia kiwango chake cha chini, na kopo liwe moja tu mezani.

Kumbuka pia hali ya hewa yetu. Risasi iliyoacha bolti ifunguke vizuri asubuhi ya baridi ya Julai inaweza kuikaza ikiachwa juani Februari, kwa kuwa joto hupandisha presha, kwa hiyo mwambie mteja aziweke kivulini. Na mikanda ya ngozi ya babu ipendeze ukutani bila risasi ndani, kwa sababu dawa za ngozi pamoja na unyevu wa masika huota kutu ya kijani kwenye shaba. Ganda lililoliwa hivyo halijazwi.

Yote haya yafanyike ndani ya karakana yenye leseni. Usibebe hata risasi moja mfukoni kwenda nayo nyumbani, na kila inayoingia au kutoka iandikwe daftarini siku hiyohiyo.