AVG na hesabu ya mkono hazilingani, nimekosea wapi?

SWALI: Habari za kazi. Natumia SQL, lugha ya kuiuliza databesi, na nina tebo la matokeo ya wanafunzi 40. Nikitumia AVG(alama), yaani wastani, napata 63, nikichukua SUM(alama), yaani jumla, nikagawa kwa COUNT(*), yaani idadi ya mistari, napata 56.7. Ipi ni sahihi? Alafu nataka madarasa yenye wastani zaidi ya 50 tu, nikiandika WHERE AVG(alama) > 50 databesi inagoma.

JIBU: Nzuri kabisa. Hujakosea hesabu, umeuliza maswali mawili tofauti bila kujua. Kolamu yako ya alama ina NULL, yaani nafasi zisizo na thamani yoyote, tena ziko 4: jumla yako ni 2268 (56.7 mara 40), igawe kwa 63 unapata 36, yaani wenye alama ni 36 tu. AVG, SUM, MIN na MAX zote zinaruka NULL, hata COUNT(alama) inaruka, ila COUNT(*) inahesabu kila mstari uwe na alama au usiwe nayo.

Sasa ipi ni sahihi hapo databesi haiwezi kukuamulia. Kama hao wanne walikuwa wagonjwa na mtihani wao bado, 63 ndio wastani wa waliofanya. Kama kwenu asiyefika anapewa sifuri, andika AVG(COALESCE(alama, 0)), hiyo COALESCE inaweka 0 palipo na NULL wakati wa hesabu tu, itatoka 56.7. Lakini nakuomba sana usijaze sifuri ndani ya tebo lenyewe, maana ukishafanya hivyo hutajua tena nani alipata sifuri kweli na nani hakufika, na hiyo taarifa hairudi. Mimi kila wastani naoutoa naweka pembeni yake COUNT(*) na COUNT(alama), zikiachana tu najua kuna kitu cha kuuliza kwanza.

Kuhusu WHERE, yenyewe inachuja mistari kabla makundi hayajaundwa, kwahiyo wakati huo wastani wa darasa haupo bado. Kazi hiyo ni ya HAVING, inayochuja makundi yakishaundwa na GROUP BY:

SELECT darasa, AVG(alama)
FROM matokeo
GROUP BY darasa
HAVING AVG(alama) > 50;

Ukitaka muhula mmoja tu, hiyo sasa weka kwenye WHERE, juu ya GROUP BY.

Na ukihamia databesi kama PostgreSQL au SQL Server kuwa makini na huko kugawa kwa mkono, namba nzima ikigawiwa kwa namba nzima desimali inakatwa, ungepata 56 badala ya 56.7. Zidisha SUM kwa 1.0 kwanza ndio ugawe.