Usilipie kozi hata moja kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi

Rudisha hiyo kadi kwenye pochi kwanza.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Uko Columbus hapa Marekani, una grini kadi, unapiga CNA (usaidizi wa wauguzi) zamu za usiku, unataka BSN, yaani bachela ya uuguzi, na jana umelipia mwezi wa kwanza wa kozi za bei poa mtandaoni "nipunguze krediti wakati nasubiri kuchagua chuo", yaani zile pointi za kozi zinazojumlishwa mpaka upate digrii. Halafu unauliza kati ya Sophia na Study.com, tovuti zinazouza kozi hizo, ipi nafuu, diploma yako ya Bongo itahesabiwaje, na kama Desemba ya mwakani utakuwa umefika mbali. La diploma tuliache kwa leo. Kilichonifanya niache kulala ni hayo maneno "nasubiri kuchagua chuo". Mdogo wangu, hapo ndipo nilipozikwa mimi.

Nilianza hizo kozi za mtandaoni Januari 2022. Nikitoka zamu saa moja asubuhi naoga, nachemsha chai, nafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni mpaka saa tano. Usajili ulikuwa dola 99 kwa mwezi, unafungua kozi mbili kwa pamoja, ukimaliza moja unavuta nyingine, asilimia 70 umepita. Ni kama kula karanga, mkono haurudi mtupu. Miezi saba nikamaliza kozi 14, krediti 42. Nilisoma takwimu, anatomia, saikolojia, historia ya sanaa, mpaka wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Ndiyo maana leo naweza kubadilisha shuka za mzee wa watu huku nikiwaza Sokrates angesemaje.

Julai nikatuma transkripti, ile rekodi rasmi ya kozi nilizomaliza, chuoni. Wiki ya tatu likaja jibu: krediti 42 zimepokelewa. Zote! Nikapiga picha ya skrini, nikairusha kwenye grupu la familia. Mama akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu za mwanzo vigelegele vitupu. Mjomba akaanza kuniita dokta. Sikumsahihisha.

Agosti nikaenda chuoni kuuliza ratiba ya uuguzi. Mama wa dirishani akafungua faili langu, akanigeuzia skrini, akachukua penseli na kuanza kugusa kioo mstari kwa mstari. Upande wa kushoto kozi zangu zote 14, kila moja mbele yake herufi TR, yaani imehamishiwa kutoka nje, hakuna alama. Upande wa kulia masharti ya digrii ya uuguzi. Penseli ikagusa uandishi wa Kiingereza, ikavuka kwenda kulia. Saikolojia, ikavuka. Sosholojia, ikavuka. Kuanzia hapo penseli haikuvuka tena. "Hii ni ya hiari. Hii ya hiari. Hii nayo ya hiari." Programu nzima ilikuwa na nafasi ya krediti 3 tu za kozi za hiari. Mimi nilikuwa nimemletea 33.

Piga hesabu: 9 zimekaa mahali pake, 3 zimeziba tundu la hiari, 30 zinaning'inia hewani. Zimepokelewa, ndiyo, zimeandikwa kwenye rekodi yangu na zitakaa huko mpaka kiama, ila hazinipunguzii hata siku moja ya masomo. Ni kama umekaribishwa harusini, umepewa kiti, umepigwa picha na bibi harusi, sahani hazijakufikia.

Kilichoniuma zaidi ni anatomia na takwimu, maana hizo zinahitajika kweli kwenye uuguzi. Anatomia waliikataa kama kozi ya uuguzi kwa sababu yangu haikuwa na maabara. Takwimu waliikataa kwa sababu kwenye kozi hiyo programu inataka alama ya herufi, kuanzia C kwenda juu, na kozi za namna hii huingia kama "amepita" bila herufi wala kugusa GPA, ule wastani wa alama. Nilijaribu kujitetea. Nilikuwa nimesoma pia kozi ya kuzungumza hadharani, nimefaulu vizuri tu, lakini siku ile mbele ya lile dirisha sikupata hata neno moja.

Sasa hasara. Usajili miezi saba ni dola 693, hiyo isikushtue. Ili nipate muda wa kusoma nilikuwa nimeacha zamu moja kila wiki, zamu ya masaa manane, kila saa dola 16, kwa wiki 28. Hapo kuna dola 3,584. Jumla 4,277, kwa bei ya kozi za "karibu na bure". Halafu dirisha la maombi ya uuguzi pale lilikuwa linafunguliwa mara moja kwa mwaka, na mimi bila sayansi zilizokubaliwa sikuwa na cha kuomba. Mwaka ukaondoka hivyo.

Na kuna donge jingine. Mwenye grini kadi kama wewe anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, na ukiwa na kipato chetu hiki cha kubeba maboksi unaweza kupata Pell Grant, ruzuku ya serikali ya kusomea. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kabisa kilikuwa dola 7,395. Pell inalipa kozi za chuo chenye ithibati ambako umesajiliwa, hailipi usajili wa tovuti. Kwa hiyo nilitoa pesa zangu za mfukoni kusoma anatomia isiyotakiwa, wakati anatomia inayotakiwa, yenye maabara na herufi, ilikuwa komyuniti koleji (chuo cha mtaani cha miaka miwili), basi moja kutoka nyumbani, na serikali iko tayari kunilipia. Nilipokwenda kuirudia sikutoa senti. Nilisoma ileile mifupa 206 kwa mara ya pili, mara hii nimeishika mkononi.

Nani alinituma? Kaka mmoja wa YouTube, Mswahili mwenzetu, shati limepigwa pasi, nyuma yake kibao cha taa. "Wabongo amkeni, digrii miezi sita!" Mkuu, hakusema uongo hata kidogo, ndiyo maana nashindwa hata kumtukana vizuri. Yeye kweli alimaliza haraka. Alisoma biashara, nafasi za hiari tele, kwenye chuo kinachokubali krediti 90 za kuhamishia. Hilo la biashara alilitaja sekunde moja, kwenye dakika ya 19, mimi nishafungua tovuti kwenye dirisha la pembeni. Na ile kuponi yake ya punguzo niliyoitumia? Baadaye nikagundua kila anayeingia kwa kuponi ile, kaka anakatiwa chake. Nilimchangia taa.

Mshauri wa wanafunzi niliyempigia simu naye sitamsahau. Nilimuuliza mnakubali krediti zenye pendekezo la ACE, baraza linalopitia kozi za tovuti hizi? Akajibu tunakubali. Nikakata simu nikiwa mwenye furaha. Sikuuliza mnazikubali badala ya kozi gani, kwenye programu gani. Naye hakujisumbua kuniongezea, pengine alikuwa anatafuna sandwichi.

Elewa jambo moja hapa. Hizo tovuti si vyuo na hazitoi digrii. ACE, lile baraza la elimu la Marekani, linapitia kozi zao na kupendekeza zina thamani ya krediti ngapi. Kupendekeza tu. Barua ya ACE ni kama barua ya mwenyekiti wa mtaa: inakufikisha dirishani, anayegonga muhuri ni mwingine, na mwenye muhuri ana sheria zake.

Kwa hiyo: chuo kwanza, programu pili, maandishi tatu, kadi ya benki mwisho kabisa. Ukibadilisha mpangilio huo usiniite.

Maandishi ninayosema ni barua pepe kwa ofisi ya msajili inayoshughulikia krediti za kuhamishia, usiandikie wale wanaotafuta wanafunzi wapya, maana hao kila kitu kwao ni ndiyo. Mimi mara ya pili niliandika hivi, unaweza kunakili: "Naomba kuingia programu ya uuguzi, katalogi ya mwaka huu. Je, kozi hii, yenye jina hili na namba hii ya ACE, itahesabiwa badala ya kozi yenu namba fulani, au itaingia kama kozi ya hiari tu? Je, mnataka alama ya herufi? Je, mnataka maabara?" Kisha kozi ya pili, maswali yaleyale. Kozi 12, mistari 12. Walikaa siku tisa. Jibu likaja: nne zinafaa, nane usijisumbue. Nikasoma nne, nikaghairi usajili ndani ya mwezi wa pili wa kulipia. Hiyo barua pepe nimeichapisha, iko kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa.

Vyuo vingine vimekurahisishia. WGU (Western Governors University, chuo cha mtandaoni) wana ukurasa unaoonyesha kozi ipi ya Sophia inasimama badala ya kozi yao ipi, programu kwa programu. SNHU (Southern New Hampshire University) wanapokea hadi krediti 90 kati ya 120 za bachela. Hata huko, uuguzi usiuchukulie kama biashara. Uliza programu yako.

Mengine haraka haraka, zamu inaanza saa tano usiku. Vyuo vingi vinataka angalau krediti 30 uzisomee kwao, hata ukija na gunia. Krediti iliyokubaliwa chuo A haiendi chuo B yenyewe. B watataka transkripti ya asili na wataamua upya. Na wewe mwingine uliyedandia swali hili, mwenye viza ya mwanafunzi (F-1): hizi kozi haziingii kwenye zile krediti 12 unazotakiwa kusoma kila semista, usije ukapunguza masomo darasani ukidhani zinafidia, utaharibu hadhi yako. Na kama programu yako inadai lugha ya kigeni, kuna mtihani wa mdomo wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, na Kiswahili kimo. Unaongea tu na mtu kwenye simu, unapimwa. Ila na huo uulizie kwanza, kwa maandishi!

Sophia au Study.com, sijui utaniuliza tena? Yoyote ile watakayokutajia kwenye hiyo barua pepe.

Umesema umelipia jana. Ingia kwenye akaunti sasa hivi, sehemu ya malipo, usome tarehe watakayokata tena, uzime kujirudia. Kisha andika hapa jina la programu na vyuo viwili unavyovifikiria, nikitoka zamu asubuhi nitakusaidia kuandika hiyo mistari.