Cheti cha Java Kinatosha?

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne, naishi Ngamiani, Tanga. Je, cheti cha Java cha kampuni ya Oracle kitatosha kunipatia kazi ya kuandika programu?

JIBU: Ndugu msomaji, cheti hicho huthibitisha ujuzi wa lugha moja tu ya kuandikia programu, yaani Java, nacho hakichukui nafasi ya stashahada, ambayo waajiri wengi, hasa serikalini, huitaka, kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Tena usingoje chuo: anza sasa na Python, lugha nyingine ya programu iliyotolewa mwaka 1991, ambayo ni ya bure na nyepesi kwa anayeanza. Nakusihi uandike programu inayofanya kazi kweli, tuseme ya kutunza hesabu za wauza samaki wa Sahare, kisha uiweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu, kwa kuwa mwajiri makini atataka kuusoma msimbo (maandishi ya programu) uliouandika mwenyewe.