Kijana wa Malindi, kabla hujapanda ndege uliza nani analipa

Mjomba wangu alikuwa na mashine ya boti ya nguvu za farasi 40. Mwaka 2009 aliiuza ili mimi nikacheze mpira Ulaya. Kwa miaka mingi baadaye nikishuka pwani asubuhi kununua samaki nilikuwa naiona ikinipita, imefungwa kwenye boti ya mtu mwingine. Ndiyo maana nikisikia kijana wa Barani au Shella ameitwa majaribio nje, simuulizi kwanza ni timu gani. Namuuliza: nani analipa?

Nilikuwa na miaka 20, kiungo mkabaji, mchana nabeba sahani hotelini, jioni niko uwanja wa Alaskan. Bwana mmoja akaja na Kiitaliano kilichonyooka na simu imejaa picha za wachezaji. Mji wetu huu, mtu akikijua Kiitaliano tunamwamini nusu kabla hajasema shida yake. Waitaliano tumeishi nao, tumewapikia, wengine tumewaozesha. Mama alimtengea biriani. Alipomaliza kunawa mikono akataja shilingi 150,000, na ndani yake 20,000 zilikuwa za "kitambulisho cha FIFA".

Alisema Italia itafuata, kwanza tupitie Uturuki. Nikajikuta Istanbul, mtaa wa Kumkapı, chumba kimoja na vijana saba, wengi wao kutoka Nigeria na Kameruni, wote na viza za utalii. Pasipoti zetu alizichukua mwenyeji "kwa usalama". Majaribio yenyewe yalikuwa dakika 25 kwenye uwanja wa nyasi bandia uliokodiwa kwa saa. Hakukuwa na kocha wa klabu yoyote, na kabla ya kuingia kila mmoja alitozwa tena dola 50. Hapo ndipo akili ilinirudi. Nilidhani mimi ni bidhaa inayotafutiwa mnunuzi, kumbe mimi ndiye mteja! Wiki ya pili simu ya yule bwana ikazimwa. Nilibeba maboksi ya nguo kwenye ghala kwa miezi minne, hadi jamaa zangu walipochanga tiketi na faini ya kupitiliza viza.

Sasa nina timu ya watoto hapa, na mambo niliyopaswa kuyajua wakati ule nimeyajua nikiwa nimechelewa.

Klabu inayokutaka ndiyo inayotoa pesa. Inakuandikia barua ya mwaliko yenye jina lako kamili, tarehe za majaribio na mahali utakapolala, na mara nyingi tiketi inakuwa juu yake. Barua ikifika, usipige namba iliyo kwenye barua. Tafuta tovuti ya klabu yenyewe, piga namba ya pale, uliza kama wanakujua. Wakala naye, tangu Oktoba 2023, lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo kwa kawaida huipati bila kufanya mtihani, na majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti ya FIFA. Andika jina lake pale. Lisipotokea, mpe soda aende zake. Malipo yake ni sehemu ya kile utakachopata ukishasaini. Na kile kitambulisho nilichouziwa? Hati ya uhamisho wa kimataifa hutoka shirikisho la Kenya kwenda shirikisho la nchi ya pili kwa mfumo wa kompyuta. Si karatasi ya kutia mfukoni.

Wazazi wa watoto wa miaka 15 na 16, hapa nawaomba mtulie. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, ila kwa hali chache, kama wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Anayekuambia mwanao wa miaka 15 ana timu inamsubiri Milano, ama hajui kanuni, ama anaijua vizuri mashine yako ya boti.

Vijana wangu wote wanataka Uingereza. Nawauliza, Wanyama, Mkenya mwenzetu, alipitia wapi? Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland, ndipo Southampton ya Uingereza mwaka 2013. Samatta wa Tanzania alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011, akakaa huko miaka mitano hivi kabla ya Genk ya Ubelgiji, na Aston Villa ya Uingereza ikaja Januari 2020. Mshambuliaji wetu Olunga alitoka Gor Mahia akaenda Uswidi, akapita China, akafunga mabao matatu katika mechi moja akiwa Girona ya Hispania, na bado jina lake likaja kung'aa Japani, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka uliofuata akaenda Qatar. Kibali cha kazi cha Uingereza kinahesabu, pamoja na mengine, mechi ulizochezea timu ya taifa na nafasi ya taifa lako duniani. Kijana aliyetoka Alaskan bila mechi hata moja ya Harambee Stars hana cha kuhesabiwa. Lubumbashi si aibu, wala Uswidi na baridi yake.

Ukifika kwenye mkataba, uliza kama mshahara ulioandikwa ni kabla ya kodi au baada, na ukivunjika mguu nani anagharimia. Klabu ikikaa na mishahara yako miwili bila kulipa, kanuni zinakuruhusu kuiandikia na kuipa angalau siku 15. Wasipolipa, unaweza kuvunja mkataba kwa haki. Kuhusu ndugu watakaotaka kutumiwa pesa sina ushauri, maana mimi sikuwahi kufika huko.

Makocha wenzangu wa mtaani, ninyi mnasahaulika, na mnajisahau wenyewe. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi hadi nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa mtoto wa miaka 13 ni robo ya asilimia moja ya bei. Akiuzwa yuro milioni 4, hiyo ni yuro 10,000 kwa timu iliyokuwa ikimgawia machungwa wakati wa mapumziko. Lakini lazima awe alisajiliwa rasmi. Daftari langu la kwanza lilikuwa na majina ya utani tu: Kifaru, Bakora, Mtoto wa Bi Mwana. Nani atakulipa kwa jina la Bakora?

Mwezi uliopita winga wangu mmoja alikuja na ujumbe wa simu: majaribio ya Ulaya, atume shilingi 35,000 za usajili. Sikumkataza. Nilimwambia ajibu kwa adabu kwamba anashukuru, na wazikate kwenye mshahara wake wa kwanza. Aliandika mbele yangu, akatuma. Alama zikageuka buluu papo hapo. Mpaka leo hajajibiwa.