Maswali ya Wasomaji: Nikijitangaza Muflisi, Madeni Yanaisha?

SWALI: Salamu Mshauri. Mi nina duka la nguo Kongowea, biashara ilikuwa yaenda vizuri mpaka mwaka juzi ndio mambo yakaanza kwenda mrama, nikawa nakopa hapa nalipa pale, sasa nimekwama kabisa. Sacco yanidai 650,000, benki 900,000 haina dhamana yoyote, mkopo wa logibuku (hati ya umiliki) ya gari langu Probox 280,000, na mikopo ya simu kama 84,000. Wiki jana nimeletewa barua ya wakili wa benki, nilipe ndani ya siku 21 la sivyo wataenda korti nitangazwe muflisi. Jirani aniambia nijitangulie mwenyewe eti madeni yote yanafutwa. Mume wangu naye asema kwanza tuandikishe ploti yangu ya Kilifi jina la dadangu. Nifanyeje? Usiku silali. *Mama Duka, Mombasa*

JIBU: Pole sana dadangu. Kabla sijasema lolote, hiyo ploti usiiguse. Najua mumeo anataka kuokoa jasho lenu, lakini ukishatangazwa muflisi mali yako inashikwa na mfilisi, yaani msimamizi anayekusanya mali ya muflisi ili wadai walipwe, na mfilisi ana nguvu ya kurudi nyuma kuangalia ulichogawa, zawadi uliyotoa ndani ya miaka 2 kabla ya amri ya korti inaweza kubatilishwa, na ukionekana ulificha mali kusudi hilo ni kosa la jinai. Utakuwa umemuingiza dadako kortini bure na ploti bado itauzwa.

Halafu hizo siku 21 zichukulie kwa uzito, usiiweke barua chini ya godoro. Zikipita kimya, sheria inahesabu huwezi kulipa, na benki ina haki ya kwenda Mahakama Kuu. Kama kuna kiasi kwenye hiyo barua hukubaliani nacho, mwambie wakili wako saa hii, sio siku ya 20.

Sasa tuje kwa maneno ya jirani. Sheria ya Kenya ya ufilisi ni ya 2015, na ni kweli inakuruhusu uende mwenyewe kuomba. Korti ikikubali, wanaokudai hawawezi tena kukufuata mmoja mmoja na kesi na vitisho vya jela ya deni, wote wanapeleka madai yao kwa mfilisi. Wewe unaandika taarifa ya mali na madeni yako yote, hata yale unayoona haya kuyataja, na kuanzia siku unapoiwasilisha hiyo taarifa inahesabiwa miaka 3, ikiisha unaachiliwa, isipokuwa mtu apinge. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini sheria imeona kuna mtu hata umkamue vipi hana, na mi naona ni sheria ya utu, wala hakuna aibu kuitumia.

Lakini hiyo miaka 3 unaiishi. Ploti inauzwa. Vyombo vya nyumbani vya lazima, nguo zenu na vifaa vya kazi unabaki navyo. Kufungua biashara yako mwenyewe ni mpaka upewe ruhusa, kusafiri nje ya nchi vivyo hivyo. Deni la ulaghai halifutwi, na pesa za matunzo ya mtoto zilizoamriwa na korti hazifutwi. Probox nayo ina logibuku mikononi mwa mkopeshaji, ufilisi haumzuii, usipolipa okshenia anaichukua tu.

Na sacco, hapa ndipo nakuomba usome polepole. Nilikaa kamati ya mikopo ya sacco miaka 11 na kitu kilichokuwa kikiniuma ni wadhamini. Ile fomu ina majina ya watu waliokuwekea sahihi, pengine mlikutana nao sokoni mkasainiana huku mnakunywa chai. Korti ikikuachilia wewe, wao haiwaachilii. Nakumbuka mwalimu mmoja aliingia ofisini na pesilipu imekunjwa mara nne, akaikunjua mezani akaweka kidole kwenye mstari wa makato, akauliza hii ni nini, ni mkopo wa rafikiye aliyekuwa amezima simu. Hakuwa na hasira hata, alikuwa anahesabu karo ya mtoto kwa vidole. Kwa hivyo kabla hujaenda kwa wakili, waite wadhamini wako, waambie mwenyewe kwa mdomo wako.

Ningekuwa wewe ningejaribu njia nyingine kwanza, maana una ploti na una duka bado. Sheria hiyo hiyo ina mapatano ya hiari, unampata mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa, mnaandika pendekezo, kwa mfano ploti uiuze wewe kwa bei nzuri badala ya bei ya mnada na salio ulipe kidogo kidogo, korti inaweza kuwazuia wadai kwa muda huku wanapiga kura. Wengi wao wakikubali linawafunga wote, ila mwenye dhamana kama huyo wa Probox lazima akubali mwenyewe kuguswa haki yake.

SWALI: Mi ni kijana wa miaka 26, sina ploti sina gari, kibarua kiliisha, app za mikopo na shailoki (wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) zimefika 160,000. Ufilisi si ni wa matajiri? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hapana kakangu, kuna mlango umewekwa kwa mtu kama wewe na wengi hawaujui. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, madeni yake yako kati ya 100,000 na milioni 4, na hana uwezo wowote wa kulipa, anaomba kwa Mpokeaji Rasmi, mawakili humwita ofisho risiva, yuko chini ya BRS wale wale wanaosajili kampuni. Ukikubaliwa unakaa miezi 12 kisha madeni yaliyoingizwa yanafutwa. Ni mara moja tu maishani, na kama ulikopa ukijua kabisa hutalipa unakataliwa. Na hao wa app wakianza kuwapigia watu walio kwenye simu yako kukuaibisha, kanuni za Benki Kuu za 2022 zimekataza, weka skrinshoti ukalalamike.

SWALI: Nataka kiti cha MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) 2027 na nimetangazwa muflisi mwaka jana. Itawezekana? *Mgombea, Busia*

JIBU: Katiba kifungu cha 193 inasema muflisi ambaye hajaachiliwa hafai kuchaguliwa, na cha 99 kinasema hivyo hivyo kwa mbunge. Angalia tarehe uliyowasilisha taarifa yako ya mali, ongeza miaka 3. Ikiangukia baada ya uchaguzi, zungumza na wakili wako kuhusu kuomba korti ikuachilie mapema, na nenda na risiti za yale uliyokwisha lipa.